Kuruka moto na kukanyaga majivu: vepu kwa mgonjwa wa saratani anayetaka kuacha sigara

"Kansa ameshapata, sasa akiacha sigara ili iweje?" Swali hilo huulizwa sana kwenye korido za hospitali, mara nyingi na ndugu, na kwa nia njema kabisa. Mzee amekonda, chakula hakipiti, usiku halali kwa maumivu. Ile fegi moja baada ya chai ndiyo starehe pekee iliyobaki, nani atakuwa na moyo wa kumpokonya? Kisha kijana wa familia aliyeko Dubai au London anatuma kifaa kidogo cha plastiki, ukubwa wa kalamu, vepu, yaani sigara ya kielektroniki: mpeni babu hii, haina moshi. Basi hapo mabishano yanaanza. Mmoja kasikia vepu inaachisha sigara, mwingine kasikia inaua mapafu, na daktari akiulizwa anajibu kwa tahadhari hadi jibu lenyewe halionekani.

Wote hao wana kitu cha kusimamia. Tatizo ni kwamba kila mmoja anajibu swali lake. Je, vepu inamsaidia mtu kuacha sigara? Je, ni salama? Salama kuliko nini? Na yanayosemwa juu ya mvutaji mwenye afya yake, je, yanamhusu mtu anayepigwa mionzi kila siku? Maswali haya yakichanganywa kwenye chungu kimoja hayapati jibu.

Tuanze na lile la ndugu, kwa sababu kama kuacha sigara baada ya kugundulika na saratani hakuna faida, mengine yote ni porojo.

Mwaka 2010 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti za wagonjwa wa saratani ya mapafu waliogunduliwa mapema. Kwa wagonjwa wa miaka 65 wenye aina iliyo ya kawaida zaidi ya ugonjwa huo, walioendelea kuvuta walikadiriwa kuwa hai baada ya miaka mitano kwa asilimia 33. Walioacha, asilimia 70. Kwa aina ile kali zaidi, ya seli ndogo, ilikuwa 29 kwa 63. Miaka 11 baadaye watafiti wa IARC, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani, walitoa matokeo ya wavutaji 517 waliofuatiliwa huko Moscow tangu siku walipoambiwa wana saratani ya mapafu ikiwa bado changa. Kwa kipimo cha kati, walioendelea waliishi miaka 4.8 na walioacha wakaishi 6.6. Tofauti hiyo inakaribia miezi 22, na haikuhitaji mashine mpya wala dawa ya mamilioni.

Mkosoaji atasema: anayeacha huenda ndiye mwenye nguvu zaidi tangu mwanzo, au ndiye anayefuata masharti yote ya daktari. Ni hoja ya haki, maana hakuna mtafiti anayeweza kuwapigia kura wagonjwa, huyu aendelee kuvuta na huyu aache. Ila kinachofanyika ndani ya mwili kinajulikana vya kutosha, na ndicho kitakachotusaidia hata kuielewa vepu. Kwa hiyo tukae hapo kidogo.

Mionzi inahitaji oksijeni. Miale inapopita kwenye uvimbe, oksijeni iliyomo ndiyo inayosaidia kufanya uharibifu wa seli za saratani usirekebishike. Moshi wa sigara una kaboni monoksaidi, gesi ile ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, nayo hung'ang'ania kwenye damu mahali ambapo oksijeni ingekaa. Mgonjwa anayevuta nje ya jengo la mionzi dakika chache kabla ya kuitwa jina anaingia kwenye mashine akiwa na damu iliyopungukiwa oksijeni. Utafiti wa Kanada uliotoka mwaka 1993, wa wagonjwa 115 wa saratani za kichwa na shingo, ulionyesha uvimbe kutoweka kabisa kwa asilimia 45 tu ya waliovuta wakati wa tiba, dhidi ya asilimia 74 ya wasiovuta. Habari njema ni kwamba gesi hii haikai sana. Ndani ya siku moja au mbili bila sigara inakuwa imeshuka hadi kiwango cha kawaida.

Dawa nazo zina mkasa wake. Ini lina kimeng'enya kiitwacho CYP1A2, kazi yake ni kuvunjavunja kemikali zinazoingia mwilini, dawa zikiwemo. Lami ya moshi wa sigara hukiamsha kimeng'enya hicho kikafanya kazi kupita kiasi. Matokeo yake, erlotinibu, kidonge cha saratani ya mapafu kinachotolewa kwa kawaida miligramu 150 kwa siku, husafishwa haraka mno kwenye damu ya mvutaji, kiasi kwamba majaribio yalionyesha wavutaji wanaweza kuvumilia hadi miligramu 300. Irinotekani, dawa ya dripu inayotumika sana kwa saratani ya utumbo mpana, nayo hupungua mwilini kwa wavutaji. Hapa kuna mtego mbaya: mvutaji huyo anaweza kujisifu kwamba kemo haimsumbui, damu yake haishuki kama ya wenzake, kumbe ni kwa sababu dawa haikai.

Sasa shika jambo hili vizuri, maana tutalirudia: kinachokiamsha kimeng'enya hicho ni lami ya moshi. Nikotini siyo inayofanya hivyo. Plasta ya nikotini haikiamshi. Kitu chochote kisichochoma tumbaku hakina lami ile wala kaboni monoksaidi ile.

Na ndivyo vepu ilivyo. Ukiifungua, ndani utakuta betri, waya mwembamba uliosokotwa kama springi, kipande cha pamba kilicholowa, na majimaji. Ukivuta, waya unapata moto, majimaji yanageuka mvuke. Majimaji yenyewe ni propilini glaikoli, gliserini, vionjo vya matunda au minti, na mara nyingi nikotini. Hakuna jani linaloungua. Aliyeifanya iwe bidhaa, mfamasia wa Kichina Hon Lik, aliitengeneza mwaka 2003. Alikuwa mvutaji sugu, na baba yake, mvutaji pia, alifariki kwa saratani ya mapafu. Kwa maana hiyo kifaa hiki kilizaliwa kwenye kivuli cha ugonjwa huu huu.

Namba za New York

Utafiti unaotajwa kuliko wote kuhusu vepu na wagonjwa wa saratani ulitoka mwaka 2014 katika jarida la Cancer, ukitokea Memorial Sloan Kettering, hospitali kongwe ya saratani jijini New York. Hospitali hiyo ina kliniki ya kuwasaidia wagonjwa kuacha tumbaku. Watafiti walichukua kumbukumbu za wagonjwa 1,074 wavutaji waliojiandikisha kwenye kliniki hiyo mwaka 2012 na 2013. Jambo la kwanza waliloliona ni kasi: mwanzoni asilimia 10.6 ya waliojiandikisha walikuwa wametumia vepu karibuni, na mwishoni ni asilimia 38.5. Kwa muda mfupi namna hiyo! Hakuna daktari aliyewaandikia. Walinunua wenyewe.

Jambo la pili ndilo lililozua kelele. Vichwa vya habari vilisema vepu haiwasaidii wagonjwa wa saratani kuacha sigara, vingine vikaenda mbali na kusema zinawazuia. Namba zilizoko ndani ya ripoti zinasimulia jambo gumu zaidi.

Walipowatafuta wagonjwa miezi kadhaa baadaye, kati ya waliopatikana, asilimia 44.4 ya watumiaji wa vepu walikuwa hawajavuta sigara kwa siku saba. Wasiotumia vepu walikuwa asilimia 43.1. Hapo hakuna tofauti. Lakini angalia neno "waliopatikana". Theluthi mbili ya watumiaji wa vepu, asilimia 66.3, hawakupatikana kabisa. Kwa wasiotumia, waliopotea ni asilimia 32.4. Kwenye tafiti za tumbaku kuna kanuni ya zamani: asiyepatikana, mhesabu kuwa bado anavuta. Kanuni hiyo ina mantiki yake, maana mtu aliyeshindwa huona aibu kupokea simu.

Tuifanyie hesabu ya vidole. Chukua watumiaji wa vepu 100. Waliopotea ni 66, wamebaki 34, na asilimia 44 ya hao 34 ni kama watu 15. Chukua wasiotumia 100. Waliopotea 32, wamebaki 68, asilimia 43 yao ni kama 29. Watu 15 kwa 29! Kwa takwimu zile zile, ukiwahesabu waliopatikana tu, vepu haina athari. Ukiwahesabu waliopotea kama walioshindwa, watumiaji wa vepu walioacha ni kama nusu tu ya wasiotumia walioacha. Watafiti wenyewe walitoa hesabu zote mbili. Magazeti yakachagua moja.

Wataalamu wa Uingereza walikuja juu, na hoja yao nzito ilikuwa juu ya nani aliingia kwenye hesabu tangu mwanzo. Fikiria mgonjwa aliyeambiwa Jumatatu ana saratani, Jumanne akanunua vepu, na mwisho wa mwezi hana hamu ya sigara. Huyo ataenda kliniki ya kuacha sigara kufanya nini? Hatokei kwenye kitabu. Anayetokea ni yule ambaye vepu anayo mfukoni na pakti ya sigara pia anayo. Ni sawa na kupima uhodari wa fundi redio kwa kuwahoji wateja waliorudisha redio zao tu. Zaidi ya hapo, ripoti yenyewe ilisema watumiaji wa vepu walikuwa na uraibu mzito zaidi, walishajaribu kuacha mara nyingi zaidi, na wengi zaidi walikuwa na saratani za kifua au za kichwa na shingo. Hao ni watu walioshikwa hasa. Ukiwalinganisha na wavutaji wepesi kisha ukailaumu vepu, umeionea.

Sisemi utafiti huo ni mbovu. Ulifanya kazi ya thamani: ulionyesha wagonjwa wanafanya nini wenyewe bila kumuuliza mtu. Usichoweza kutuambia ni iwapo mgonjwa akipewa vepu kwa makusudi, kwa maelekezo na kufuatiliwa, ataacha sigara au hataacha. Kwa hilo inahitajika kura.

Kura ilipigwa, lakini kwa watu wengine. London, kwenye kliniki za serikali za kuachisha sigara, wavutaji 886 waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine vepu ya kujaza, wengine dawa za nikotini walizochagua, plasta, jojo au vinginevyo. Wote walipata ushauri wa ana kwa ana kila wiki kwa wiki nne za mwanzo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019: baada ya mwaka mmoja, waliokuwa wameacha sigara ni asilimia 18.0 upande wa vepu na asilimia 9.9 upande wa dawa. Mapitio ya Cochrane, yanayokusanya majaribio ya namna hiyo kutoka pande nyingi, nayo yamefika pale pale. Kwa kila watu 100, wanane hadi kumi huacha kwa vepu yenye nikotini, sita kwa plasta na jojo, na wanne bila dawa au kwa ushauri peke yake.

Kwa hiyo vepu inaachisha sigara? Ndiyo, kwa kiasi, na zaidi ya plasta. Lakini soma upande wa pili wa ripoti ya London. Asilimia 82 waliopewa vepu hawakuacha. Na kati ya walioacha kwa vepu, asilimia 80 walikuwa bado wanaipuliza mwaka mmoja baadaye, wakati walioacha kwa dawa ni asilimia 9 tu waliokuwa bado kwenye dawa. Sigara imetoka, nikotini imebaki. Kwa mtu wa miaka 35 mwenye afya unaweza kusema si neno. Kwa mgonjwa wa saratani lazima tuulize nikotini hiyo inafanya nini.

Nikotini, mvuke na mwili ulio vitani

Nikotini haimo kwenye orodha ya IARC ya vitu vinavyosababisha saratani. Vilivyomo ni moshi wa tumbaku na kemikali zake kadhaa, ikiwemo ile iitwayo NNK inayotokana na jani lenyewe. Lakini maabara imeleta wasiwasi. Seli za saratani kwenye vyombo, na wanyama wa majaribio, vimeonyesha kwamba nikotini inaweza kuchochea mishipa mipya ya damu kuelekea kwenye uvimbe na kuzifanya seli zisife kirahisi. Kwa binadamu picha haijawa hivyo: utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada uliofuatilia zaidi ya watu 3,000, wengi wakiwa wametumia jojo ya nikotini, ulikuta saratani ya mapafu ikifuatana na sigara, haikufuatana na jojo. Ndiyo maana madaktari wa saratani huandika plasta bila kusita. Wanalinganisha wasiwasi wa maabara na madhara ya sigara yanayoonekana wodini.

Mvuke wenyewe si hewa ya baharini. Waya ukipata moto kupita kiasi, au pamba ikikauka, majimaji huzalisha fomaldehaidi na akrolini. Chembe za nikeli na risasi zimepatikana zikitoka kwenye waya. Hata hivyo viwango kwa ujumla viko chini sana ya vya sigara. Mwaka 2017 watafiti walipima mkojo na mate ya watu 181: waliokuwa wamehamia vepu moja kwa moja walikuwa na alama ya NNK pungufu kwa asilimia 97 ukilinganisha na wavutaji. Hiyo ni tofauti kubwa. Lakini waliotumia vyote viwili, vepu na sigara, hawakuwa tofauti na wavutaji wa kawaida.

Kwa maoni yangu hilo ndilo jambo zito kuliko yote katika mjadala huu, na ndilo lisilosemwa. Mgonjwa anayevuta vepu ndani ya nyumba ili asiwakere wajukuu, kisha akatoka uani kuvuta sigara tatu kwa siku badala ya kumi, anaamini amepiga hatua kubwa. Kimeng'enya chake cha ini bado kimeamshwa. Kaboni monoksaidi bado imo. Dawa bado inasafishwa upesi. Hon Lik mwenyewe amewahi kusema kwenye mahojiano kwamba hajaachana na sigara kabisa.

Na vipi vifo vya Marekani? Mwaka 2019 vijana walianza kulazwa wakiwa hawawezi kupumua, na hadi Februari 2020 zilihesabiwa kesi 2,807 za kulazwa au vifo, waliofariki wakiwa 68. Uchunguzi ulielekeza zaidi kwenye asetati ya vitamini E, mafuta yaliyochanganywa kwenye majimaji ya bangi ya mtaani. Vepu za nikotini za dukani hazikuwa kiini cha mlipuko ule. Somo lililobaki ni la kawaida: usipojua kilichomo kwenye kichupa, usikivute. Na kwa mtu ambaye kinga yake imeshushwa na kemo, hilo lina uzito mara mbili.

Kuna mambo mengine yanayomhusu mgonjwa wa saratani peke yake. Aliyepigwa mionzi ya shingo tayari mdomo wake umekauka kwa sababu tezi za mate zimeungua; propilini glaikoli hukausha zaidi. Anayetumia mtungi wa oksijeni nyumbani asiiwashe vepu karibu nao, maana waya wa moto na oksijeni ni moto. Na anayesubiri upasuaji wa kuhamisha nyama, mfano kujengewa ziwa upya au taya, ajue kwamba nikotini hubana mishipa midogo ya damu ambayo kipande kile kinaitegemea ili kishike. Wapasuaji wengi wa aina hiyo hutaka mgonjwa asiwe na nikotini ya aina yoyote. Wakipima kotinini, mabaki ya nikotini, kwenye mkojo, kipimo kitasema ndiyo kwa sigara, kwa vepu na hata kwa plasta. Cha pumzi, kinachopima kaboni monoksaidi, kitamkamata mvutaji wa sigara tu.

Ndiyo maana miongozo haielewani. Nchini Uingereza, Chuo cha Kifalme cha Madaktari kilisema mwaka 2016 kwamba madhara ya muda mrefu ya mvuke hayaelekei kuzidi asilimia 5 ya yale ya tumbaku, na mwaka 2023 serikali ikatangaza kugawa vepu kwa wavutaji milioni moja. Marekani, mamlaka ya dawa FDA haijaidhinisha vepu yoyote kama dawa ya kuacha sigara, na mwongozo wa NCCN, mtandao wa vituo vikubwa vya saratani, unataka mgonjwa aanze na plasta pamoja na jojo au pipi ya nikotini, ama kidonge cha vareniklini, sambamba na ushauri. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa kuachisha tumbaku Julai 2024 nalo halikuiweka vepu kwenye orodha ya tiba. Waingereza wanafikiria mamilioni ya wavutaji wenye afya. Wale wa saratani wanafikiria mtu mmoja aliye kitandani, na kwake ushahidi wa kura bado ni haba.

Kilichopo mezani kabla ya vepu

Mimi nasimama na hao wa pili, ila bila ukali. Mgonjwa aanze na kilichopimwa. Mwaka 2020 jarida la JAMA lilitoa jaribio la wagonjwa 303 waliogunduliwa karibuni, Boston na New York: waliopewa ushauri wa kuendelea kwa miezi pamoja na dawa bure, asilimia 34.5 walikuwa wameacha kufikia mwezi wa sita. Waliopewa ushauri mfupi, 21.5. Ushauri wenyewe haukuwa na miujiza, ulifanyika kwa simu.

Tatizo la jojo ya nikotini ni kwamba watu huitafuna kama jojo ya kawaida, wakameza mate yote, tumbo likachafuka, wakaitupa na kusema haifanyi kazi. Haitafunwi hivyo. Unaitafuna polepole mpaka usikie pilipili kwenye ulimi, unasimama, unaiegesha kati ya fizi na shavu. Pilipili ikiisha, unatafuna tena kidogo, unahamishia upande mwingine. Nusu saa hivi. Usinywe kahawa wala soda wakati huo, kwa sababu uchachu wake huizuia nikotini kupenya. Na mwenye vidonda vya mdomoni vya kemo asihangaike nayo, abandike plasta.

Vidonge navyo vina mipaka yake. Bupropioni hushusha kizingiti cha degedege, hivyo haimfai mtu ambaye saratani imefika kwenye ubongo. Pia huzuia kimeng'enya kinachoigeuza tamoksifeni kuwa dawa kamili, jambo ambalo mama mwenye saratani ya matiti anapaswa kuambiwa kabla hajaandikiwa. Vareniklini haina tatizo hilo la tamoksifeni.

Ikiwa hayo yote yamejaribiwa yakashindikana, au hayapatikani, na mgonjwa anasema wazi bila kitu cha kupuliza atarudi kwenye pakti? Basi vepu, na sigara zote zitoke siku hiyo hiyo. Ipangiwe tarehe ya kupunguza nikotini yake mpaka iishe.

Kwetu swali la "hayapatikani" si la kinadharia. Dawa za nikotini ziliingia kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2009, vareniklini na bupropioni mwaka 2021, lakini orodha ya Geneva na rafu ya duka la dawa la wilayani ni vitu viwili. Vepu kwa upande wake ziko madukani mijini zikiwa na ladha ya embe. Uganda ilizipiga marufuku kwa sheria ya tumbaku ya 2015, kuingiza na kuuza. Sheria ya Tanzania ni ya 2003, mwaka ule ule Hon Lik alipokuwa bado anahangaika na kifaa chake, kwa hiyo usitarajie ilikuwa imemfikiria. Na kuna wagonjwa wetu wengi ambao tumbaku yao haina moshi kabisa: ugoro, kuberi, tambuu yenye tumbaku. Saratani ya mdomo inawajua vizuri. Kwao vepu siyo hatua ya kushuka. Wanachohitaji ni plasta na mtu wa kuzungumza naye.

Liwe lipi litakalochaguliwa, daktari wa saratani aambiwe, na aambiwe ukweli, hata kama mgonjwa anaona haya kwamba bado anavuta. Tarehe ya sigara ya mwisho ni taarifa ya kitabibu kama uzito na presha. Lami ikikoma kuingia, kile kimeng'enya cha ini hutulia ndani ya siku chache, na dawa zilizokuwa zikisafishwa haraka huanza kujaa kwenye damu. Hata kahawa ile ile ya kila asubuhi humtetemesha mtu, naye akadhani ni arosto ya sigara. Anayetumia erlotinibu aliyepandishiwa dozi kwa sababu ya uvutaji anatakiwa arudishwe kwenye miligramu 150 mara tu anapoacha.